R. J. Mitchell: Aliyeichora Spitfire na hakuiona vitani

Wiki chache zilizopita, baada ya kipindi chetu cha Jumamosi kuhusu usafiri wa anga, msikilizaji mmoja alituma ujumbe uliotufanya tutazamane studioni. Aliuliza kwa nini ndege za vita za zamani zilikuwa na bawa juu ya bawa, kama nyumba ya ghorofa, na ni nani aliyeamua kuiondoa ghorofa moja. Nilijibu hewani kwa dakika mbili, huku nikijua kwamba jibu halikutosha. Hili hapa ndilo jibu lenyewe, na nimelipitisha katika maisha ya mtu mmoja, Mwingereza Reginald Joseph Mitchell.

Mitchell hakuwa wa kwanza kutengeneza ndege ya chuma yenye bawa moja kila upande. Mjerumani Hugo Junkers alikwisha kurusha ndege ya namna hiyo Desemba 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea. Nimemchagua Mitchell kwa sababu maisha yake ya kazi yalianzia kwenye mbao na kitambaa na kuishia kwenye bati la aluminiamu, na njiani alikosea mara mbili mbele ya watu wote.

Hema na ganda la yai

Kwanza tulimalize swali la ghorofa. Ndege za mwanzo zilijengwa kwa fremu ya mbao iliyovikwa kitambaa na kupakwa dawa ya kukikaza. Bawa la namna hiyo ni jepesi, lakini peke yake halina nguvu ya kubeba uzito wa ndege inapogeuka kwa kasi. Mafundi wakaweka mabawa mawili, moja juu ya jingine, wakayaunganisha kwa nguzo na kuyafunga kwa waya. Likawa kama sanduku, na sanduku halipindi kirahisi. Ukitaka picha ya karibu, fikiria hema: kitambaa hakibebi kitu, kazi yote iko kwenye nguzo na kamba.

Tatizo ni upepo. Kila nguzo na kila waya vinapasua hewa, na kadiri ndege inavyokimbia ndivyo hewa inavyozidi kuikamata. Unaweza kuongeza injini kubwa, lakini sehemu kubwa ya nguvu yake itapotea katika kusukuma kamba hizo. Njia ya pili ni kuachana na hema na kujenga ganda la yai: bati jembamba la aloi ya aluminiamu, lililofungwa kwa ribiti juu ya mbavu za chuma, ili ngozi yenyewe ya ndege ndiyo ibebe mzigo. Hapo nguzo na waya havihitajiki tena.

Kwa maneno ni rahisi. Lakini marubani wengi waliipenda ndege ya mabawa ya ghorofa. Iligeuka mahali padogo, ilitua polepole kwenye viwanja vya nyasi, na ilisamehe makosa. Isitoshe, bawa moja lilikuwa na jina baya. Mwaka 1912, baada ya ajali kadhaa, jeshi la Uingereza liliwapiga marufuku marubani wake kurusha ndege za bawa moja. Marufuku hayo hayakudumu, ila hofu ilibaki kwenye vichwa vya watu kwa miaka mingi.

Fundi wa garimoshi

Mitchell alizaliwa tarehe 20 Mei 1895 katika kijiji cha Butt Lane, Staffordshire, na akakulia karibu na Stoke-on-Trent, eneo linalojulikana kwa vyombo vya udongo. Baba yake alikuwa mwalimu ambaye baadaye aliingia kwenye biashara ya uchapaji. Alipofika miaka 16 aliacha shule na kwenda kujifunza kazi katika kiwanda cha Kerr, Stuart, waliokuwa wakitengeneza vichwa vya garimoshi. Mchana alishika grisi. Usiku alikwenda darasani kusoma uchoraji wa mitambo na hesabu za juu.

Kuna kisa kinachosimuliwa hadi leo kuhusu siku zake za uanagenzi. Msimamizi mmoja mkali alilalamika kwamba chai aliyopikiwa na kijana huyo ilikuwa na ladha ya kitu kisichotajika mezani. Siku iliyofuata, Mitchell akaipika kwa kitu hicho hicho. Msimamizi akanywa na kuisifu. Sitakiapia kisa hiki, lakini waliofanya kazi naye baadaye walimweleza kuwa mtu mpole, mwenye haya na kigugumizi kidogo, ambaye hata hivyo hakupenda kuonewa.

Mwaka 1917 alipata kazi Southampton, katika kiwanda kidogo cha Supermarine kilichokuwa ukingoni mwa mto huko Woolston. Mwaka uliofuata alimwoa Florence Dayson, mwalimu mkuu wa shule ya watoto wadogo aliyemzidi umri kwa miaka 11, na mwaka 1920 wakapata mtoto wao wa pekee, Gordon. Kazini alipanda ngazi haraka ajabu: mbunifu mkuu mwaka 1919, mhandisi mkuu mwaka 1920. Alikuwa na miaka 25.

Supermarine walitengeneza ndege zinazotua majini, jamaa wa zile ambazo mwishoni mwa miaka ya 1930 zilikuwa zikitua Kisumu na Dar es Salaam na barua za Imperial Airways, ingawa hizo za kwetu zilitoka kiwanda kingine, Short. Zilikuwa ndege za kazi: pana, nzito, zenye mabawa ya ghorofa. Laiti Mitchell angebaki hapo, leo tusingemzungumzia.

Mbio za Schneider

Kilichombadilisha ni mashindano. Kombe la Schneider lilikuwa la ndege za majini peke yake, na miaka ya 1920 lilivuta umati wa watu kama fainali ya mpira. Mwaka 1922, kule Naples, ndege ya Mitchell iitwayo Sea Lion II ilishinda kwa wastani wa kilomita 234 kwa saa. Ilikuwa na mabawa ya ghorofa, na wakati huo hilo halikumshangaza mtu. Mwaka mmoja baadaye Wamarekani walifika Cowes, nyumbani kwa Waingereza, na ndege nyembamba za Curtiss, wakashinda kwa kilomita 285 kwa saa. Hizo nazo zilikuwa za mabawa ya ghorofa, lakini zilikuwa zimesuguliwa na kubanwa kiasi kwamba zile za Mitchell zilionekana kama mitumbwi.

Jibu lake lilikuwa S.4, mwaka 1925. Hapa aliruka hatua nyingi kwa mara moja: bawa moja kila upande, la mbao, lisilo na nguzo wala waya hata mmoja. Septemba mwaka huo iliweka rekodi ya dunia ya ndege za majini, kilomita 365 kwa saa. Mwezi uliofuata, wakiwa kwenye mazoezi Baltimore kabla ya mashindano, rubani Henri Biard alishindwa kuidhibiti na ikaanguka majini. Biard aliopolewa akiwa hai. Wengi walishuku kwamba bawa lilianza kutetemeka kwa kasi ile hadi usukani ukakosa maana.

Ninapenda kuona alichofanya baada ya hapo. Alirudi nyuma hatua moja. S.5 ya mwaka 1927 ilikuwa ya bawa moja, lakini Mitchell alirudisha waya chache za kulishikilia, kwa sababu hakuwa bado na uhakika na bawa lililosimama peke yake. Sehemu kubwa ya kiwiliwili chake ilikuwa ya chuma, mabawa bado ya mbao. Ilishinda Venice kwa kilomita 453 kwa saa. S.6 ya mwaka 1929 ilikuwa ya chuma tupu, ikasukumwa na injini mpya ya Rolls-Royce, ikashinda kwa kilomita 529.

Injini hiyo ilizalisha joto jingi mno. Rejeta ya kawaida ingesimama kwenye upepo kama ukuta. Mitchell akaifanya ngozi ya ndege yenyewe kuwa rejeta: maji ya moto yalipita chini ya bati la mabawa, mafuta yakapita ubavuni mwa kiwiliwili, upepo ukapoza vyote. Hilo huwezi kulifanya kwa kitambaa. Chuma kilikuwa kimeanza kufanya kazi mbili.

Mwaka 1931 serikali ilikataa kulipia mashindano kwa kuwa uchumi ulikuwa umeanguka. Mwanamke tajiri, Lady Houston, ambaye hakuipenda serikali hiyo hata kidogo, alitoa pauni 100,000 mfukoni mwake. S.6B ikashinda, Uingereza ikachukua kombe moja kwa moja kwa kushinda mara tatu mfululizo, na wiki mbili baadaye ndege ya aina hiyo hiyo ikafikia kilomita 655 kwa saa. Hakuna ndege nyingine duniani iliyokuwa imefika hapo. Wakati huo huo vikosi vya anga vya Uingereza vilikuwa bado vikiruka na ndege za mabawa ya ghorofa, na hata iliyo bora kati ya hizo, Hawker Fury, ilikwenda kilomita zipatazo 330 kwa saa.

Kombe hilo lilikuwa na gharama nyingine pia. Rubani Samuel Kinkead alikufa na S.5 mwaka 1928 akijaribu rekodi, na Gerald Brinton alikufa mazoezini mwaka 1931. Mitchell alizibeba habari hizo vibaya. Kila ndege mpya ilipopanda, hakuwa mtu wa kuzungumza naye.

Kushindwa kwa pili

Mwaka 1931 Wizara ya Anga ilitoa maombi ya ndege mpya ya kivita: bunduki nne na kasi ya takriban kilomita 400 kwa saa. Kila mtu alitarajia mtu wa Schneider atashinda bila jasho. Supermarine wakati huo ilikwisha kununuliwa na Vickers, na fedha zilikuwepo.

Ndege aliyoitoa, Type 224, iliruka Februari 1934. Ilikuwa ya chuma, ya bawa moja. Lakini bawa lilikuwa nene na limepinda kama la shakwe, magurudumu yalining'inia ndani ya vifuniko vikubwa mithili ya suruali, rubani alikaa wazi kwenye upepo, na mfumo wa kupoza injini kwa mvuke ulichemka kila mara ndege ilipopanda. Kasi yake iliishia kilomita 367 kwa saa. Mashindano yalichukuliwa na Gloster Gladiator, yenye mabawa ya ghorofa, nguzo, waya na kitambaa, ambayo ilifika kilomita 407.

Hapa ndipo watu wengi wanapoielewa vibaya historia hii. Tunasimuliwa kana kwamba chuma kilikuja, mbao zikaondoka. Mwaka 1934 ndege ya hema iliishinda ndege ya ganda waziwazi, na Wizara haikuwa na makosa kuichukua. Chuma peke yake hakikutosha. Kilihitaji bawa jembamba, magurudumu yanayojificha, chumba cha rubani kilichofunikwa na injini inayostahili, vyote kwa pamoja. Mitchell alikuwa ametoa kimoja na kuacha vinne.

Yeye mwenyewe alilijua hilo kabla Type 224 haijaruka. Alikuwa tayari ana karatasi nyingine mezani.

Miaka iliyobaki

Agosti 1933, Mitchell aligunduliwa kuwa na saratani ya njia ya haja kubwa. Alikuwa na miaka 38. Madaktari walimfanyia upasuaji mkubwa, wakamwachia tundu la kudumu tumboni na mfuko wa kupokea haja. Kwa mtu wa wakati ule hilo lilikuwa jambo la aibu na la kufichwa, na wengi aliofanya nao kazi hawakujua. Aliambiwa kwamba ugonjwa unaweza kurudi. Angeweza kustaafu, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alirudi ofisini. Mwaka 1934, akiwa na hali hiyo, alijifunza kurusha ndege na kupata leseni ya urubani. Wasaidizi wake walizoea kumkuta ameinama juu ya ubao wa kuchorea, na walijua kwamba akiwa hivyo usimguse. Unasubiri hadi ageuke.

Mchoro mpya uliitwa Type 300. Vickers na Rolls-Royce waliamua kuuendeleza, na Wizara ikaweka pauni 10,000 kwa ndege moja ya majaribio. Rolls-Royce walileta injini ambayo baadaye ingeitwa Merlin, ya lita 27. Magurudumu yakakunjwa ndani ya mabawa. Kuhusu bawa lenyewe, Mitchell alimsikiliza Beverley Shenstone, Mkanada aliyewahi kufanya kazi kwa Junkers nchini Ujerumani. Shenstone alilichora kwa umbo la duaradufu, kama jani. Watu husifu uzuri wake, lakini sababu ilikuwa ya kikazi: walitaka bawa jembamba kabisa, na humo humo ziingie bunduki nne kila upande pamoja na magurudumu. Bawa la umbo la jani hubaki pana hadi mbali na kiwiliwili, hivyo nafasi ikapatikana bila kuongeza unene. Ngozi yote ilikuwa ya bati, isipokuwa vibao vya kugeuzia ndege, ambavyo mwanzoni vilibaki vya kitambaa. Hema halikuondoka lote siku moja.

Tarehe 5 Machi 1936, kwenye uwanja wa Eastleigh karibu na Southampton, rubani Joseph Summers aliipandisha ndege nambari K5054 kwa takriban dakika nane. Mitchell alikuwa pale akitazama. Siku mbili baadaye majeshi ya Hitler yaliingia Rhineland.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 3 Juni, Wizara iliagiza ndege 310. Jina lilitolewa na mkuu wa Vickers, Robert McLean, ambaye alimwita binti yake mtundu Spitfire, yaani mtu wa kutema moto. Mitchell alilisikia na kuliona ni jina la kipuuzi.

Kuna jaribio moja ambalo nimelisimulia hewani mara mbili na bado wasikilizaji wanaliomba. Ribiti za kichwa bapa, zilizozama sawa na bati, zilikuwa ghali na zilichukua muda kufungwa. Je, zilikuwa na faida kweli? Wahandisi walichukua punje za njegere kavu zilizopasuliwa, wakabandika moja juu ya kila ribiti ili ionekane kama ribiti ya kawaida yenye kichwa cha mviringo. Wakairusha ndege, wakapima. Wakabandua njegere sehemu moja, wakairusha tena. Njegere zote zikiwepo, ndege ilipoteza kilomita 35 kwa saa. Kwa kubandua kidogo kidogo walijua ni wapi ribiti bapa ni lazima na ni wapi ya bei rahisi inatosha.

Saratani ilirudi. Mapema mwaka 1937 Mitchell aliacha kazi, akalazwa London, kisha mwishoni mwa Aprili akapelekwa Vienna kwa matibabu. Hayakusaidia. Alirudi nyumbani mwezi Mei, na tarehe 11 Juni 1937 alifariki katika nyumba yake Southampton, akiwa na miaka 42. Hadi siku hiyo Spitfire iliyokuwa imeruka ni moja tu, ile ya majaribio.

Baada yake

Kiwandani, mchoro mzuri ulikuwa umegeuka mzigo. Bawa la umbo la jani lilikuwa gumu kulijenga, na viwanda vilivyopewa vipande vya kutengeneza vilichelewa mno. Joseph Smith, aliyekuwa chini ya Mitchell ofisi ya michoro, ndiye aliyeibeba kazi hiyo na kuendelea kuiboresha ndege miaka yote ya vita. Agosti 1938 kikosi namba 19 cha Duxford kilipokea Spitfire za kwanza na kuachana na Gauntlet zake za mabawa ya ghorofa. Baadaye zilijengwa zaidi ya 20,000.

Haki ya mwenzake pia isemwe. Katika vita vya anga juu ya Uingereza mwaka 1940, Hurricane ya Sydney Camm ndiyo iliyokuwa nyingi zaidi, nayo ilikuwa nusu hema nusu ganda: bawa moja kila upande, lakini kiwiliwili cha nyuma kimevikwa kitambaa. Huku kwetu pia, katika kampeni ya Afrika Mashariki ya 1940 na 1941, Hurricane zilizoruka kutoka Kenya zilipambana na Fiat CR.42 za Waitaliano, ambazo bado zilikuwa na mabawa ya ghorofa.

Mwaka 1942 ilitolewa filamu kuhusu Mitchell, na Waingereza wengi walimjua kupitia hiyo. Inamwonyesha akienda Ujerumani na kurudi na hofu ya vita moyoni. Safari hiyo hakuifanya. Ndege yake ya mwisho, ya kudondosha mabomu, haikuruka kamwe: iliharibiwa ikiwa bado inajengwa, Wajerumani waliposhambulia kiwanda cha Woolston Septemba 1940.

Na K5054, ile aliyoitazama ikipanda pale Eastleigh, haikwenda vitani. Tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita, ilidunda wakati wa kutua Farnborough na kupinduka. Rubani wake alikufa kutokana na majeraha.